Mivumu Kumi na Tisa Kuzunguka Chemchemi

Wapwa zangu, hiki ninachowapa leo hamtakiamini, na wala sina haja mkiamini. Niliwahi kuwaambia habari za samaki kuhe mwenye urefu wa mtumbwi mkaitikia "ehee" huku mmekodoa macho. Sasa nikiwaambia kwamba mwanamke mmoja aliitiwa mkutano wa kijiji kizima kwa kosa la kupanda miti, mtasema mjomba amekunywa. Sikunywa. Na kama kuna mtu anayeijua habari hii kutoka mzizi hadi jani, ni mimi, niliyemaliza darasa la nne kwa miaka sita, maana yake nilisoma kuliko wale waliolimaliza kwa minne.

Mwenyewe ni Veneranda. Wakati huo alikuwa mjane wa miaka arobaini na kitu, mfupi, miguu ya kupandia vilima, maneno machache. Tangu alipoolewa aliishi juu, nyuma ya Kidahwe, kwenye boma la marehemu mumewe lililozungukwa na mivumu. Muvumu, kwa ninyi mliokulia Ujiji msiojua mti ila mwembe, ni ndugu yake mkuyu: utomvu mweupe, jani pana, kivuli kizito. Hauhitaji mbegu. Unakata fimbo nene, unaichimbia ardhini mvua zikianza, inashika. Muha akijenga, huzungushia ua wake mivumu. Akifa au akihama, ua unaoza, nyumba inaanguka, mivumu inabaki. Ukikuta duara la mivumu katikati ya pori, hata kama hakuna jiwe moja la jiko, unajua kwamba hapa ni pa mtu, na unapita kando.

Malori ya Operesheni Vijiji, ile ya kuhamishia watu wote vijiji vipya, yalipofika, kila nyumba iliambiwa ibebe vyake. Wengine walibeba milango. Veneranda alibeba vyungu viwili, jamvi, mbuzi, na mzigo wa fimbo za muvumu uliofungwa kwa majani mabichi ya mgomba.

"Mama, kuni zipo huko tuendako," mgambo mmoja akamwambia.

"Hizi si kuni."

"Ni nini basi?"

"Kivuli," akajibu, akapanda lori.

Mgambo akacheka. Walipofika kijiji kipya, kando ya barabara ya Kasulu, hakucheka tena, kwa sababu na yeye alikuwa na kichwa kinachopigwa na jua kama vichwa vingine. Nyumba zilipangwa mistari kama wanafunzi kwenye paredi, na ili mistari inyooke, kila mti ulikuwa umefyekwa. Maji yalikuwa ya chemchemi moja, bondeni. Mwaka wa kwanza watu walikata kichaka chote kilichoizunguka, wapate nguzo na kuni. Kiangazi cha pili chemchemi ilianza kutoa maji kama mtu anayetoa siri, kidogo kidogo na kwa shingo upande. Wanawake wakipanga ndoo asubuhi, wanaondoka adhuhuri.

Sasa sikieni ilivyoanza. Serikali ilitaka kila mtu mzima ajue kusoma, na alasiri wanawake walikutana kwenye banda la shule, wakifundishwa na mwalimu kijana aitwaye Filemoni, mpole, shati limenyooka, mwoga wa barua za wakubwa. Kitabu walichopewa kilikuwa na habari za pamba. Pamba ilipandwa, pamba ilipaliliwa, pamba iliuzwa. Veneranda akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mimi pamba nimeionea hospitali tu. Tuandike tunavyovijua."

Filemoni akakuna kichwa, akakubali. Tangu siku hiyo kila mwanamke kwa zamu alileta mmea wa porini, akautaja jina, kazi yake na namna ya kuuotesha. Mwalimu akaandika ubaoni, wao wakanakili. Mmoja alileta mninga, akaonyesha jinsi ya kukata mabawa ya mbegu yake na kuiloweka kabla ya kuipanda. Mwingine alileta mubilizi, ule wenye majani machungu ya kutibu tumbo. Mwingine mvule. Kisha wakaona ujinga kuandika jina la mti na kuutupa mti wenyewe, wakalima matuta nyuma ya banda, wakaotesha kila walichokiandika. Mwaka haukuisha, wanawake kumi na tisa walikuwa wanasoma, na miche mia mbili ilikuwa imesimama. Hapo sijaongeza hata mmoja.

Katika hao kumi na tisa alikuwamo Mwanvua, Mmanyema wa Ujiji, aliyekuja kijijini kumfuata mume. Mdomo wake haukuwa na mlango.

"Jamani Waha," alisema siku moja ameshika jembe, "tangu nimeingia darasa hili, kila mti wenu ni dawa ya tumbo. Kwani huwa mnakula nini?"

"Tunakula dagaa wenu," Veneranda akamjibu, na darasa zima likaangua kicheko.

Fimbo za muvumu zilizotoka kule kilimani Veneranda alizichomeka nyuma ya nyumba yake siku ile ile ya lori. Zilishika, zikatoa matawi, na matawi hayo yakawa fimbo nyingine. Mwaka wa tatu, kiangazi kikiwa kimewabana, akawaambia wenzake: "Muvumu unakaa na maji. Bibi yangu alisema hivyo, na kisima chake sikukiona kikikauka. Tuivishe chemchemi nguo iliyovuliwa."

"Basi tuzungushe," Mwanvua akadakia. "Kila mtu fimbo yake, kumi na tisa, duara. Lipendeze."

Bibi mmoja aliyeitwa Marsiana, mkubwa kuliko wote, akaweka chini kalamu yake. "Duara? Pale? Watu watasemaje?"

Hapo ndipo Veneranda alipokosea, wapwa zangu, na kosa lake halikuwa la upumbavu. Lilikuwa la kuamini. Akacheka, akasema, "Watu gani, mama? Si tunaambiwa kila mkutano kwamba pangu na pako yamekwisha, ardhi ni ya kijiji? Mimi nimesadiki. Sasa muvumu ni mti tu."

Mvua za kwanza za Novemba zilipopiga, wakapanda. Kufikia Krismasi kila fimbo ilikuwa na majani. Kila mmoja aliujua wake, akaupitia asubuhi akienda kuteka, na Mwanvua alikuwa akiusalimia wake shikamoo.

Chemchemi ile, kabla ya Operesheni, ilikuwa kwenye ardhi ya babu yake Leonardi. Leonardi huyo ndiye aliyepanda jukwaani siku ya kukaribisha kijiji, akatangaza kwamba ukoo wake unalitoa bonde kwa taifa. Akapigiwa makofi mpaka akalia. Lakini mtu anaweza kutoa kitu kwa mdomo na moyo ukabaki umekishikilia mkia. Alishuka bondeni siku moja kumtafuta mbuzi, akaliona duara limechanua. Mbuzi akasahauliwa. Akaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kijiji, Anatoli.

"Mwakeye, mwenyekiti."

"Mwakeye. Mbona unahema?"

"Yule mjane amejenga."

"Amejenga wapi? Sijaona hata boriti."

"Kaone chemchemini. Wewe ni Muha au si Muha?"

Anatoli akaenda. Angekuwa mtu wa mbali angeona miti kumi na tisa. Yeye aliona boma. Alisimama nje ya duara na hakuingia kuchota, ingawa alikuwa na kiu, mpaka akagutuka kwamba amesimama kama mgeni anayengoja kukaribishwa. Hilo ndilo lililomkasirisha. Mtu ambaye ameaibishwa na mila aliyotangaza kwamba imekufa hasamehi upesi.

Mkutano uliitwa. Leonardi hakusema "pale ni pa babu yangu," angesemaje, naye alipigiwa makofi? Akasema, "Ndugu wananchi, ukabaila umerudi kwa mlango wa nyuma." Anatoli akasema kijiji hakiwezi kuvumilia mtu mmoja kujizungushia maji ya umma. Watu wakanong'ona, na wengi walionong'ona walikuwa Waha. Hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Mwanvua akaruka. "Duara nimelisema mimi! Mnishtaki mimi!"

"Keti, mama," Anatoli akasema. "Mmanyema hajui muvumu."

"Kama sijui, basi ni mti tu! Si mnasema ni mti tu?"

Watu wakacheka, kicheko kikammeza. Akabaki Filemoni. Neno lake moja lingetosha: kwamba ile ilikuwa kazi ya darasa la serikali, na majina ya wote kumi na tisa yamo kwenye daftari lake. Veneranda alimtazama. Filemoni alitazama viatu vyake. Vilikuwa viatu vizuri, nakiri, lakini havikustahili kutazamwa kwa muda ule wote.

Uamuzi ukasomwa. Kila mwanamke ang'oe aliopanda, mbele ya kijiji, kesho yake asubuhi. Bwana miti kutoka wilayani angeleta mikaratusi ipandwe mahali pale, mti wa maendeleo, unaokua upesi na usio wa mtu. Tena mwaka ule ulikuwa wa njaa. Watu waliishi kwa unga wa yanga, ule wa njano uliotoka ng'ambo, na orodha ya unga alikuwa nayo Anatoli. Akaikunja mbele ya watu, akasema asiyeng'oa asije na kapu lake.

Kuhusu mikaratusi sina mengi. Ilikuja, ikapandwa kwa nyimbo, ikakua kweli, mirefu, myembamba, imenyooka kama mistari ya nyumba. Ilikunywa. Mwaka wa tatu chemchemi ikawa tope, mwaka wa nne tope likapasuka. Wanawake wakawa wanateka mtoni, mwendo wa saa nzima kwenda, na mke wa Leonardi alikuwamo njiani kama wenzake. Darasa lilivunjika, matuta ya nyuma ya banda yakaliwa na mbuzi, mninga kwa mubilizi. Filemoni alihamishwa Kasulu, nasikia akapandishwa cheo.

Lakini sikilizeni siku yenyewe ya kung'oa, kwa sababu hapo ndipo mtakapomjua Veneranda ni mtu wa aina gani. Asubuhi kijiji kizima kilijaa bondeni, watu elfu moja, elfu mbili, wengine wametoka hadi Mwandiga. Anatoli amesimama na orodha yake mkononi. Wanawake wakaitwa mmoja mmoja, wakaenda wameinamisha vichwa, wakang'oa. Mpaka likaitwa jina la Veneranda. Wapwa zangu! Alikwenda polepole mpaka kwenye muvumu wake, akaukumbatia kwa mikono yote miwili, akamgeukia mwenyekiti kwa sauti iliyosikika mpaka ziwani, akasema, "Anatoli, kata mikono yangu kwanza, kisha ndipo uta—"

"Zefania."

Naam, dada Veneranda.

"Nani alikumbatia mti?"

Si wewe? Nilidhani...

"Ulikuwapo?"

Nilikuwa Kigoma mjini, lakini nilisikia.

"Hukusikia. Umetunga. Watu elfu mbili wametoka wapi, na kijiji kilikuwa na nyumba tisini? Na hawakuanza wengine. Walianza na mimi. Anatoli aliniita wa kwanza. Nikatazama lile kapu langu la unga, nikaenda nikang'oa. Ulikuwa umeshika, nikavuta mara mbili. Sikusema neno. Nilipogeuka niliwakuta wenzangu kumi na wanane wamesimama, kila mmoja kwenye mti wake, hakuna hata mmoja aliyeugusa. Walikuwa wananingoja mimi nikatae."