Utepe Nilioukata Changamwe

Siku ya kwanza kazini nilifika mapema, viatu vimejaa tope la barabara ya malori, cheti changu cha kidato cha nne kikiwa ndani ya bahasha. Msimamizi wa karakana hakuifungua.

"Watoka wapi?"

"Likoni, bwana."

"Basi habari za feri kuchelewa usiniletee. Chukua ufagio. Yale maranda ya chuma usiyashike kwa mkono, yakata kama wembe."

Ilikuwa Changamwe, miaka ya tisini. Karakana ile haikuwa ya mtu mmoja. Mafundi walijikusanya wakanunua mashine kuukuu ya kukereza chuma kutoka kiwanda kilichofungwa. Kukereza ni kuzungusha chuma mbele ya kisu mpaka kipate umbo. Mashine zingine ziliongozwa kwa mkono. Hii ilisoma matundu kwenye utepe wa karatasi, na kila mstari wa matundu ulikuwa amri: sogea, rudi, kata kiasi hiki. Nyinyi mnaochora kwenye kompyuta na kuutuma mchoro kwa simu, babu yenu ni utepe ule.

Ukutani kulipigwa misumari. Aliyetoboa utepe aliutundika hapo pamoja na karatasi ya maelezo: kifaa gani, chuma gani, vipimo gani. Yeyote aliweza kuuchukua. Nilimwona fundi wa pampu akichukua utepe wa pini ya lori, akaugeuza ukawa wa vali ya kisima, na juma lililofuata fundi wa lori akajifunza jambo kutoka kwenye vali ile. Sharti lilikuwa moja tu. Ukibadilisha, toboa utepe wako mpya, andika ulichobadilisha na sababu yake. Wa mwenzio usiuguse.

"Huu ukuta ni kisima," aliniambia Mwalimu wa Mashine, mzee mpole kutoka Rabai aliyenifundisha kutoboa. "Ukichota, usikoroge."

Nilikuwa mwepesi wa hesabu, na baada ya miezi michache nilipewa kazi zangu mwenyewe. Hapo ndipo nilipokoroga.

Mama mmoja mwenye kinu cha kusagia mahindi alileta shafti iliyovunjika, ule mhimili unaokizungusha kinu. Utepe wa shafti kama ile ulikuwepo, kazi ya Mwalimu mwenyewe. Lakini nati ya kinu haikufika mwisho wa hesi, ile mistari inayoishika nati. Ilihitaji mfuo, mtaro mwembamba wa kuizunguka shafti, wenye kina zaidi pale hesi inapoishia. Kutoboa utepe mzima kungekula asubuhi yote, na yule mama alikuwa amekaa mlangoni akinitazama. Nikakata kipande kifupi cha utepe ule wa Mwalimu, nikabandika kingine kwa gundi. Shafti ya kinu hushikwa pande zote mbili, kwa hiyo haikudhurika kwa kupunguzwa unene hapo shingoni. Nikaurudisha utepe msumarini, karatasi ya Mwalimu ikiwa vilevile. Nikajiambia nitaurekebisha baada ya chakula. Baada ya chakula ikaja kazi nyingine.

Ijumaa ya juma lililofuata nilikwenda ukutani, nikaona chini ya karatasi ile fundi ametia jina la mteja, kama ilivyokuwa desturi kila utepe ulipotumika: Mzee Kombo wa Mtongwe, shafti ya propela ya boti. Nikakimbilia kwa mtunza stoo.

"Bwana Stoo, Mzee Kombo alikuja lini?"

"Jumanne. Kwani amekuja kukuposa?"

"Shafti ameichukua?"

"Kaipima mara tatu mbele yangu, akaondoka anaimba. Boti yashushwa leo baada ya swala."

Alipima unene wa shafti, kama ambavyo fundi yeyote angepima. Ndani ya mfuo mwembamba vile taya za vernia, chombo cha kupimia unene, haziingii. Na propela haishikwi pande mbili. Huning'inia kwenye shingo ileile niliyoipunguza.

Nilisimama pale nikijua kwamba hakuna mwingine anayejua. Chuma kikikatika, watu wangesema chuma kilikuwa kibovu. Wazo hilo lilinipitia, sitawaficha. Kisha nikaenda kwa Msimamizi, nikamwambia yote. Hakunigombeza. Aliuliza, "Nani mwingine ameutumia?"

"Hakuna jina jingine."

"Nenda Mtongwe. Mimi naukagua ukuta mzima."

Njia nzima nilihesabu dakika. Kwenye feri sikuweza kukaa. Nilipofika Mtongwe swala ilikuwa imekwisha, boti iko juu ya magogo, wanaume wameshika kamba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kula ubwabwa wa kushusha boti?" Wenzake wakacheka.

"Msiishushe. Shafti nimeiharibu mimi."

Mwanawe mkubwa akasema, "Si niliwaambia? Chuma kikerezwe na mwanamke!"

"Nyamaza," Mzee Kombo akamkata. "Wewe ulipotoboa tangi la mafuta, ulikuja kuniambia?"

Akafungua nati, akaivuta propela. Nikapinda waya mwembamba, nikauzungusha ndani ya mfuo, nikamwonyesha. Akatia ukucha pale shingoni, akatazama upande wa lango la bandari, meli zinakopita. Hakuwa na haja ya kuniuliza ingekuwaje shingo ikikatika huko.

"Karatasi ilisema nini?"

"Ilisema vipimo vya zamani, mzee."

"Wewe sikukuamini, wala sikukujua. Niliamini karatasi."

Boti ilirudishwa juu. Nilimkerezea shafti nyingine, naye akaja na kipimo chake cha waya. Lakini habari ilishaenea. Fundi wa pampu alichukua tepe zake akazifungia sandukuni. Wa malori akafuata. Mwalimu aliwasihi, "Kosa ni la mtu, si la ukuta!" Wakamwitikia kwa heshima na wasirudishe kitu. Kabla ya mwezi kwisha ilibaki misumari mitupu.

"Sikufukuzi," Msimamizi aliniambia. "Nikikufukuza, watadhani ugonjwa umeondoka nawe."

Niliondoka mwenyewe. Nilikoajiriwa Kipevu, Mkuu wa Zamu alifungia michoro kabatini: "Kata, usiulize imetoka wapi." Nikaenda Kisauni, nikarudi Changamwe, nikaenda Kisauni tena. Kila karakana niliyoingia nilitazama kwanza ukutani. Palikuwa na kalenda tu.

Sasa macho yangu hayasomi tena mistari ya vernia, nami nimeacha kazi kabla ya kutimiza hamsini. Huku Kisauni vijana wamefungua karakana ya pamoja; mashine zao hukata kwa mwanga, na michoro yao hutumiwa na watu wasiowajua, katika nchi wasizowahi kufika. Waliponionyesha nilifurahi, na papo hapo nikaingiwa na hofu. Niliwauliza, aliyechukua mchoro wenu mtampataje mkigundua umekosewa? Mmoja akasema, "Hilo bado, mama."

Siku yangu ya mwisho kazini, wenzangu wakiwa wamekwisha kumimina soda, nilishikwa na shaka juu ya kipimo kimoja, nikampigia simu mteja aliyechukua shafti asubuhi.

"Umeshaifunga?"

"Bado, mama. Kuna nini?"

"Huenda hakuna. Usiifunge. Naja."

Soda yangu niliiacha mezani.