Santuri ya Tano

Wiki jana mvua ya mawe ilitupiga hapa Nyakoe, ile ya alasiri ambayo wewe uliyekulia huku huhitaji kuelezwa. Mjukuu wangu aliniona nimeshika meza kwa mikono miwili. Akanitia vidude vyake masikioni akasema, "Nyanya, sikiliza huyu, hutaisikia ngurumo." Alikuwa mpiga saksafoni fulani, kijana anayesifiwa sana kwa kuuvuruga wimbo. Nilimsikiliza hadi mwisho, kisha nikamwambia hapana, huyu anauvunja wimbo huku akijua atapigiwa makofi. Mjukuu alicheka. Anashangaa bibi kizee wa Kisii aliupata wapi ujuzi wa jazi.

Niliupata kwa baba mdogo, miaka ile baada ya vita vya Burma, nikiwa msichana wa miaka tisa au kumi. Wazazi wangu walikuwa wakichuma chai Kericho, nami nililelewa na nyanya, mama yake baba mdogo. Wenzake walirudi kutoka vitani na makoti. Yeye alirudi na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono na santuri tano alizopewa na Mwamerika mweusi waliyelazwa naye katika hema moja la wagonjwa.

Mwili wake ulirudi mzima. Lakini ngurumo ikianza kule upande wa Manga, jembe lilimponyoka, akakimbia kujibanza chini ya kitanda, mtu mzima mwenye ndevu, akitetemeka na kujiuma mkono. Na kwetu ngurumo hupita karibu kila siku. Kitu kimoja tu kiliweza kumtoa chini ya kile kitanda, nacho ni santuri ya tano. Nilijifunza kuiweka mwenyewe. Nazungusha mkono wa gramafoni hadi ukaze, nashusha sindano, namngoja atoke.

Ngoja nikuambie habari za hizo santuri, maana nina maoni yangu na siyaonei haya. Mbili za kwanza zilikuwa za bendi kubwa, tarumbeta nyingi zikipuliza kwa pamoja. Nzuri kwa miguu, ila zinachosha upesi, kila mmoja anajua mwenzake ataingia wapi. Ya tatu aliimba mwanamke, polepole, na nyanya alimpenda ingawa hakuelewa neno. Alisema huyo amefiwa. Ya nne ilikuwa ya piano peke yake, na mwenye piano alikuwa na adabu mno.

Ya tano karatasi yake ya katikati ilikuwa imebanduka kwa unyevu wa melini. Saksafoni inakimbia, ngoma zinafika zimechelewa, tarumbeta inadakia neno katikati na kulitupa. Watu walisema haina kichwa wala miguu. Jirani yetu mpiga obokano, kile kinubi chetu kikubwa chenye nyuzi nane, ndiye peke yake aliyesogeza kigoda karibu. Akaisikiliza mara tatu.

"Huyu anaogopa," alisema. "Ila anaogopa huku akitembea."

Mpaka leo sijasikia mtu aliyeieleza jazi vizuri kuliko yule jirani.

Sasa, nyanya alikuwa karibu kubatizwa. Sabato moja mzee wa kanisa alikuja akasema nyumba ya mbatizwa haiwezi kukaa na nyimbo za dunia, na kwamba Jumanne wangekuja kuzichoma uani. Gramafoni yenyewe haikuwa na dhambi, ingepiga nyimbo za injili. Nyanya alilia, lakini alikubali. Alikuwa amezika watoto wanne, na aliambiwa akibatizwa atawaona tena.

Hiyo Jumanne baba mdogo alikuwa ameenda Kisii mjini kutafuta sindano za gramafoni. Hakuna aliyemwambia. Nami nikaamua kuiokoa ile ya tano.

Wewe ungeificha wapi? Kwetu kitu cha thamani kilikuwa na mahali pamoja tu, darini juu ya meko, moshi unakopita. Huko ndiko mbegu za wimbi zilikokaa zisiliwe na wadudu. Hata jirani alitundika obokano yake darini kwake, ngozi isioze. Nilipanda nikaichomeka kati ya vikapu vya mbegu, nikashuka moyo ukidunda kwa furaha.

Nyanya, kwa heshima ya wageni, alikoka moto tangu asubuhi. Maharagwe, viazi vitamu, kuku, ugali wa wimbi. Ni mimi niliyekuwa nikiongeza kuni. Wageni walikula, wakaomba, wakatoka uani. Nyanya aliwapa santuri nne. Alijua vizuri kwamba zilikuwa tano.

Baba mdogo alirudi na kibati cha sindano mkononi, mawingu yakimfuata. Akaona jivu. Nikamkimbilia. "Usijali, baba mdogo, ile yako ipo!"

Nilipoishusha, ilikuwa imejikunja mawimbi mawimbi, kama jani la mgomba lililopitishwa motoni ili lifungie chakula. Aliiweka hivyo hivyo. Sindano ikapanda na kushuka, saksafoni ikalia, ikazama, ikaguna, kisha sindano ikaruka nje. Akairudisha. Ikaruka tena. Ngurumo ikapiga juu ya paa. Safari hii hakukimbilia chini ya kitanda. Aliniwekea mkono kichwani.

"Uliificha vizuri, mwanangu," alisema. "Ungefanya nini tena?"

Akatoka nje katika mvua ya mawe. Nilimwona akishuka migombani kuelekea bondeni, hakugeuka. Nyanya alimwita mpaka sauti ikamkauka.

Tulimtafuta hadi mto Gucha. Mmoja alisema ameonekana Sotik, mwingine alisema mengine. Mwezi uliofuata nyanya alibatizwa katika mto huo huo. Aliingia majini akitazama huku na huku, na mimi ukingoni nilijua anatafuta nini.

Leo dari za moshi hazipo tena, na jirani alikufa bila kumfundisha mtu. Mjukuu wangu ananiambia, "Nyanya, nipe jina la wimbo, nitaupata sasa hivi." Anasema santuri zote za dunia zimo ndani ya simu yake. Namwamini. Lakini jina lilibanduka baharini, na aliyelijua alikuwa baba mdogo. Tulikaa naye miaka miwili na sikumwuliza hata siku moja. Nilidhani atakuwapo.

Kwa hiyo tunatafuta sote wawili, mpigaji mmoja baada ya mwingine. Mvua ikianza ananitia vile vidude masikioni, nami nashika meza.

"Ni huyu, nyanya?"

"Siye. Weka mwingine."