Shahidi wa Kaka Yangu

Miaka ile gesi ilipogunduliwa baharini kwetu Palma, kaskazini mwa Msumbiji, kila mtu alitaka kuwa mwenyeji. Kambi ya gesi iliajiri wenyeji kwanza, na mwenyeji ni mwenye kitambulisho. Vyeti vingi vilikuwa vimeungua katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, kwa hiyo ofisi ya vitambulisho ilikuwa na utaratibu wake: unakuja na shahidi asiye ndugu yako, unaulizwa ulizaliwa wapi na wazee wako wamezikwa wapi. Karani alitoka kusini, anasema Kireno tu, hata "hujambo" hajui. Mimi ndiye nilikuwa mkalimani wake.

Nyumbani tulikuwa na Msomali wa makamo, aliyeshushwa ufukweni na wasafirishaji pamoja na wenzake kumi na mmoja. Wenzake walipakiwa kwenye lori wapelekwe Afrika Kusini. Yeye mguu ulikuwa umevimba, wakamtupa. Mama akamuuguza. Alipopona, hamu ya safari ilikuwa imemwisha, na mama, ambaye huruma yake haina breki, akamfundisha makaburi ya jirani zetu waliokwisha wote vitani, ayataje kama ya wazee wake, hadi la bibi yao aliyeumwa na nyoka.

Siku yake ofisini alijibu bila kubabaika, na jirani mmoja akawa shahidi wake. Karani akanitazama. "Menina," yaani binti, "huyu ni wa hapa?" Watu wa pwani tuko wa kila rangi. Nikasema ndiyo. Mpaka leo sijui nilimhurumia yeye au nilimwogopa mama.

Baadaye ikaja zamu ya kaka yangu, baba mmoja mama mmoja. Mama alimzaa Mtwara, Tanzania, alikokimbilia wakati wa vita, akarudi naye mgongoni. Nilimsihi aseme kazaliwa Palma. Akafura. "Dada, mie niingie kwetu kwa uongo?" Mkaidi yule! Mbele ya karani akatamka wazi, "Mtwara," neno lisilohitaji mkalimani. Karani akaandika: mgeni. Akampa wiki moja alete shahidi mwenye kitambulisho atakayesema ni mtoto wa hapa, la sivyo avushwe mto Ruvuma, arudishwe Tanzania.

Majirani wenye vitambulisho wakaingia mitini. Ofisi ilikuwa inawasaka waliowaficha watu wa njia za panya, na hakuna aliyetaka jina lake liandikwe. Nilichanganyikiwa. Mgeni nilimsemea uongo akapita, ndugu yangu kasema kweli anafukuzwa, na sikujua nimkasirikie nani. Nilimchukia yule Msomali, kisha nikaona haya, maana ndiye aliyekuwa akimchotea mama maji.

Siku ya mwisho kaka yangu aliingia ofisini na shahidi: Msomali wetu, kitambulisho kipya mkononi. Kaka yangu hakuinua macho. Karani akauliza anamjua tangu lini.

"Tangu azaliwe," akajibu, kwa Kiswahili alichojifunza jikoni kwa mama. "Huyu mtoto wa hapa."

Karani akanigeukia. Nikatafsiri neno kwa neno, na kaka yangu akaanza kulia.