Boti Iliyojazwa Maji Uani

Kaka yangu alileta lori siku ile ile niliyokuwa nimepanga kuijaza boti maji. Wiki nzima alikuwa ametupigia simu akituambia tufunge vitu, na kila mara mama alimjibu kwamba amesikia. Kaka amekaa Nakuru mjini miaka mingi. Alikuwa amesahau kwamba mama akisema amesikia hajasema amekubali.

Nyumbani kwetu ni Ndabibi, upande wa chini. Nilipokuwa mdogo, ukitoka mlangoni kwenda ziwani ulipita mahindi, ukapita viazi, ukapita malisho ya ng'ombe, ndipo ukaona maji. Ziwa lilipopanda lilimeza malisho, kisha viazi, kisha nusu ya mahindi. Halafu likazunguka nyuma kupitia kibonde kidogo na kukata njia ya kwenda shamba letu la juu, lile lenye udongo mzuri kuliko yote. Shamba lenyewe tuliliona vizuri kutoka jikoni. Kulifikia ilibidi uzunguke mbali, upitie kwa watu, uombe kufunguliwa mageti. Majirani wengi walihama. Kaka akasema na sisi tuhame, mama akaishi kwake, na pale pauzwe kwa yeyote anayependa kununua maji.

Mimi ni fundi wa faiba, ile plastiki ngumu ya nyuzi za kioo. Nilikuwa nikifanya kazi Nakuru, nikiziba matanki yaliyopasuka na bampa za malori. Nilirudi nyumbani kumsaidia mama kuokoa mahindi, na baada ya mahindi sikuondoka tena. Ndipo nikaiona ile boti, nikajua inaweza kutuvusha hadi shamba la juu. Ilikuwa imelala kwenye majani ya kambi moja ya watalii iliyofungwa, tumbo limepasuka, kuku wa mlinzi wanataga ndani. Mlinzi alisema mwenye boti alishachoka nayo, atakayeiweza aibebe. Tuliivuta hadi kwetu kwa trekta ya jirani.

Niliifanyia kazi kwa muda mrefu. Nilitoa mbao zilizooza kule nyuma, mahali pa kufungia injini, nikaweka mpya. Nilisaga kila ufa kwa grinda mpaka nikafikia faiba safi, nikaiacha ikauke kabisa, kisha nikalaza kitambaa cha faiba juu ya kitambaa na kukilowesha kwa resini, gundi ya majimaji inayoganda ikawa ngumu. Mama alinishikia makopo huku akilalamikia harufu. Waliopita njiani walicheka. Mzee mmoja tuliyekuwa tukisali naye kabla hajahama alituuliza kama siku hizi samaki wanavuliwa uani. Mama akamuuliza kama huko Kikopey alikohamia amepata mahali pa kupanda hata sukuma.

Ilibaki rangi tu. Lakini rangi inaficha, na sikutaka kuonyeshwa kasoro za kazi yangu nikiwa katikati ya ziwa lenye viboko. Kwa hiyo tuliinua boti juu ya matairi na mawe, tukaipangusa nje mpaka ikakauka, na mama akaipaka unga wa ngano tumbo zima kwa chini. Unga ukiguswa na tone moja la maji hubadilika rangi, huwezi kulikosa. Niliwasha ile pampu ya kunyunyizia mboga, nikaelekeza mpira wa maji ndani ya boti. Hapo ndipo lori likaingia.

Kaka alishuka, nyuma yake dereva na wapakizi wawili. Alisimama akaniangalia.

"Unaweka maji ndani ya boti," akasema.

"Ndiyo."

"Boti si ni ya kuzuia maji isiingie?"

Nilimwambia kama inaweza kuyazuia yasitoke, itayazuia yasiingie, na kwamba hapa nje ninaona tumbo lake lote, kule ziwani nisingeona kitu. Alitikisa kichwa na kuwaambia wapakizi waanze na kabati wakati mimi nikiendelea na mchezo wangu. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na boti. Alisema bila kuinuka kwamba hakuna mtu atakayegusa vyombo vyake vya nyumba kabla kazi haijaisha, na kwamba kuna chai jikoni. Dereva alimshukuru, akamwita mathe, akaenda kunywa chai. Wapakizi wakamfuata. Kaka akabaki peke yake na mikono mfukoni.

Maji yalipanda polepole. Niliinama, nikatambaa chini ya boti, nikaangalia viraka vyangu kimoja kimoja. Vyote vilikuwa vyeupe. Nilianza kujisikia mkubwa. Kisha nikasikia sauti ya kaka, ameinama upande wa pili.

"Inavuja."

Ilikuwa kweli. Katikati, mbali na kiraka chochote, mstari wa kijivu ulikuwa ukiteremka kwenye unga, na mwisho wake tone. Nilikuwa nimeringia kazi ile mbele ya kijiji kizima, na sasa ilikuwa ikinidondokea usoni mbele ya mtu niliyetaka kumwonyesha kuliko wote.

Kaka aliwaita wapakizi. Mama akainuka, akaenda kusimama mlangoni pake.

"Mum, hiyo kitu itawaua," kaka alimwambia.

"Inavuja, na tumejua ikiwa uani," mama akasema. "Ulitaka tujulie wapi? Kwako mimi ni mgeni. Hapa ni kwangu, hata maji ikifika kwa hii mlango."

Hakuna mpakizi aliyethubutu kumpita. Mimi nilichukua penseli nikazungushia duara mahali palipovuja, kisha nikaanza kupunguza maji kwa ndoo. Faiba ina ujanja wake: maji yanaweza kuingia mahali pamoja, yakasafiri katikati ya matabaka, yakatokea kwingine. Niliyapunguza kidogo kidogo, kila mara nikingoja na kuangalia chini. Tone liliendelea kudondoka, likazidi kuchelewa, mwishowe likakoma. Basi tundu halikuwa pale nilipochora. Lilikuwa juu kidogo ya pale maji yaliposhuka hadi tone likakoma. Nilipitisha kidole kuzunguka mstari huo ndani yote, na kule nyuma, kwenye pembe ya mbao mpya, nikalipata: tundu la skrubu ya zamani ambalo nililipaka resini juujuu bila kulisaga.

Nilimwita kaka aje aone. Alikuja, akachungulia.

"Leo tundu moja," akasema. "Kesho lingine."

"Kesho nitaijaza tena," nikamwambia. "Na kesho kutwa. Nitaijaza mpaka hiyo unga ibaki nyeupe. Wewe rudi na lori yako."

Sikuwahi kumjibu hivyo maishani. Ni mkubwa wangu, ndiye aliyenilipia shule. Aliwaambia wapakizi wapande lori. Mama alikataa lori liondoke tupu. Aliwapakilia gunia la mahindi la wajukuu wake, na kabichi kwa dereva.

Nililisaga tundu lile, nikalijaza, nikaongeza kitambaa. Tuliijaza boti tena, ikatoa jasho kidogo kando ya mbao. Nikasaga tena. Mama alipaka unga upya kila mara bila kunung'unika, ingawa ulikuwa unga wa chapati. Mara ya mwisho maji yalikaa ndani kutwa nzima. Jioni mama alipitisha kiganja chini ya tumbo la boti kutoka mbele hadi nyuma, akakigeuza. Kilikuwa kimejaa unga mkavu. Alikipangusa kwenye leso yake, akaniambia nikanunue rangi.

Msimu ule tulivuka na mbegu, tukapanda viazi shamba la juu. Kaka alikuja wakati wa kuvuna, hakuna aliyemwita. Alivaa jaketi la kuokolea, akaketi katikati, na njia nzima alikuwa akigusa sakafu ya boti kwa vidole. Alichimba na sisi mpaka suruali yake ya ofisi ikashika udongo hadi magotini. Tulipokuwa tukipakia magunia alisema boti isijazwe sana.

Mama akaniambia niongeze lingine.