Msimu wa Kuvua Pampasi

Bukavu ina misimu miwili, na kwa mtu anayetaka kumtoa mtoto kwenye pampasi, yote miwili ina taabu yake. Mvua ikinyesha, maji yapo, kila nyumba inakinga ya bati lake, lakini chupi uliyoanika Jumatatu bado inanuka ubichi Alhamisi. Kiangazi kikifika, nguo inakauka hujamaliza kuanika nyingine, ila robine, yaani mabomba ya maji ya mtaa wetu wa Cimpunda, nazo zinakauka. Unachagua mwenyewe: maji bila jua, au jua bila maji.

Mimi nilichagua jua. Si kwamba nilikuwa na nafasi ya kuchagua sana. Binti yangu alishapita miaka miwili, na mwezi wa tisa nilitakiwa kurudi kazini. Ninafundisha biolojia shule ya sekondari, na wakati nikilea, darasa langu lilishikwa na bwana mmoja mwenye tai ambaye, kwa habari nilizopata, wanafunzi walikuwa wameanza kumzoea. Prefe, yaani mkuu wa shule yetu, alinipa kiti, akaniuliza habari za nyumbani, kisha akasema:

"Madame, tukifungua masomo na hauko, ile place inaenda. Mimi sitaweza kukulindia."

Sikuwa na wa kumwachia mtoto. Mume wangu anafanya kazi Luvungi, huko chini uwandani. Anapanda Jumamosi na kushuka Jumapili. Msichana aliyekuwa akinisaidia alikuwa ameolewa. Ilibaki materneli, shule ya chekechea ya masista, na masere, yule mtawa anayeiongoza, alikuwa na sharti moja tu.

"Mutoto aingie propre," aliniambia. "Hapa hatubadilishake mutoto pampasi."

Mtoto anajaribiwa asubuhi moja. Akilowa, anarudi nyumbani kungoja mwaka mwingine. Wangu angerudi, na mimi ningerudi naye.

Mama mkwe alikuja kutoka Katana na kapu la maharagwe, na aliposikia ninataka kuanza, alicheka mpaka akajishika mbavu.

"Kuanza? Wakati ya kuanza ilishapita, Maman. Mutoto akijua tu kukaa, unamukalisha juu ya miguu yako, anazoea. Huyu iko na meno yote, anajua kusema 'leta mukate'. Anakuchezea."

Nilikasirika. Nilikuwa nimesoma kwamba mtoto asilazimishwe, angojewe mpaka aoneshe dalili mwenyewe, na dalili hizo nilikuwa nimezingoja kama mtu anavyongoja mshahara wa serikali. Lakini sikubishana. Yeye alilea saba, na wote, akiwemo mume wangu, nijuavyo mimi wanalala pakavu.

Kiangazi, katika parseli yetu, kiwanja kimoja chenye nyumba nyingi, maji huja alfajiri na kukatika kabla jua halijashika. Robine ni moja, wapangaji ni wengi, na asiyekuwepo na bidoni zake, yale madumu ya maji, atashinda akiomba kwa majirani. Basi nilikuwa nikitoka na mtoto mgongoni, bidoni mkononi, poti kwapani. Nilimkalisha mtoto kwenye poti pembeni ya robine ili nisipoteze nafasi yangu kwenye mstari. Siku moja maji yakaanza kugonga chini ya bidoni, mtoto akatega sikio, akakojoa. Wanawake wote wa parseli walipiga makofi. Nilifurahi kupita kiasi.

Tangu siku hiyo nilijiona mtaalamu. Mchana, robine ikiwa kavu, nilikuwa nikimimina maji kutoka kikombe kimoja kwenda kingine, taratibu, na mtoto anakojoa. Nikaacha kununua pampasi. Nikampigia mama mkwe simu kujisifu kidogo. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Sasa umefundisha mutoto," akauliza, "ao umefundisha mayi?"

Eti nimeyafundisha maji! Nilidhani ananitania tu. Kisha asubuhi moja jirani alimwaga maji ya vyombo mbele ya mlango wake, na binti yangu, aliyekuwa amesimama hapo akila ndizi, akakojoa papo hapo bila hata kuacha kutafuna. Nikatazama juu, kwenye mabati yetu na mifereji yake. Kiangazi kilikuwa kinakwisha. Shule zinafunguliwa mwezi wa tisa, na mvua nayo inarudi mwezi wa tisa. Niliogopa kwelikweli.

Muda uliobaki niliutumia kufundisha upya. Nilimimina maji na kumshika mkono: "Mayi inakuita, lakini ngojea. Tunaenda kwanza kwa poti." Kuna siku tulifika. Kuna siku tuliishia mlangoni, yeye anacheka, mimi napiga kelele mpaka koo linauma. Nguo zilikauka vizuri, hilo siwezi kulalamikia.

Asubuhi ya majaribio, wingu jeusi lilikuwa limekaa juu ya ziwa. Wazazi hawaingii darasani, kwa hiyo nilibaki nje dirishani. Mfereji wa bati ulishuka ukutani hadi kwenye pipa lililowekwa palepale chini ya dirisha. Mvua ikaja. Bati likanguruma kiasi kwamba masere akaacha kuimbisha watoto, na pipa kando yangu likaanza kujaa, kwa sauti ileile ya bidoni.

Binti yangu aliweka chini kijiti alichokuwa akichezea. Akabana miguu. Nikafungua mdomo nimwite; masere akanitazama, akaweka kidole kwenye midomo yake. Akilini nilimwona yule bwana wa tai akifuta ubao wangu.

Mtoto akasimama, akamwendea masere, akamvuta kanzu. Kwa kelele ya bati sikusikia kitu. Masere akainama, akamwambia arudie, akacheka, akamwonesha kona. Binti yangu akaenda peke yake, akashusha chupi yake mwenyewe, akakaa kwenye poti. Dirishani hakutazama hata mara moja.

Baadaye masere alitoka kibarazani.

"Maman, huyu anasema mayi inamuita. Ni nini hiyo?"

"Ni vile nilimufundisha, masere."

Akanitazama kuanzia kilemba hadi viatu. Hapo ndipo nilipojua kwamba nilikuwa nimesimama chini ya mvua muda wote ule.

"Mutoto iko mukavu," akasema. "Ni wewe umelowa. Wende ubadilishe nguo, utakuja kumukamata midi, saa sita."

Sikwenda kubadilisha nguo. Nilikwenda moja kwa moja kwa prefe, vilevile nilivyokuwa, nikidondosha maji juu ya saruji ya ofisi yake, nikamwambia nimerudi.