Nilikata Ndani ya Chaki ya Dada Zaituni

Wenzangu, kosa ni langu. Nalisema kabla hamjaniuliza, maana kila nikilizungusha linarudi kunikaba. Tangu asubuhi nakaa, nasimama, natoka barazani, narudi. Hata uzi hauingii kwenye sindano leo.

Mimi ni fundi cherehani hapa Gitega. Kazi nilifundishwa na Dada Zaituni, aliyenichukua nikiwa sina hata mkasi, akanipa nafasi kwenye baraza yake na kuniita mdogo wangu. Yeye alipima mteja na kuchora kwa chaki, mimi nikakata na kushona. Sharti lake lilikuwa moja: kipande kinachobaki, hata kama ni cha kiganja, kinakunjwa na kurudishwa pamoja na nguo.

"Kitambaa iko na mwenyewe," alikuwa akisema.

Tamaa ikaniingia hapohapo kwenye vipande! Niligundua kwamba nikipitisha mkasi ndani kidogo ya chaki, nabakiwa na kitambaa ambacho Dada hakijui. Nikaanza kushona vigauni vya watoto na kuviuza kwa siri. Vikapendwa, nami nikazidi kubana. Mishono ikabaki na ukingo mwembamba mno, lakini nguo ikishatoka barazani salama, mimi nacheka tu. Laiti ningekomea hapo!

Akaja mama mmoja wa Kanombe. Binti yake alikuwa anaolewa, na yeye mama alikuwa ameletewa na kaka yake kitambaa laini cha zambarau cha kushona mushanana, sketi na mtandio wa sherehe, avae siku hiyo. Nilipokishika, mate yalinijaa mdomoni. Kitambaa kama kile ukikinyima ukingo kinafumuka. Nilijua, nilifundishwa! Nikabana vilevile. Nikapata kigauni cha mwanangu Nasra, na kingine cha kuuza.

Siku ya kuposa, wakwe wameketi, ng'ombe wa mahari wamekwisha kuimbiwa, yule mama akasimama kucheza. Akanyanyua mikono, akapiga hatua moja, na sketi ikaachia ubavuni kuanzia kiunoni hadi gotini.

Kesho yake akatujia na nguo ndani ya mfuko.

"Mana yanjye, Mungu wangu, Zaituni! Bakwe wote banaona mapaja yangu! Nani alikata hii?"

Dada akaigeuza nguo, akaisogeza karibu na uso, kisha akanitazama.

"Mdogo wangu, ulifuata chaki yangu?"

Hapo ndipo ningejiokoa. Neno moja tu! Lakini nilifikiria vigauni vyangu, nikafikiria wateja watakaonikimbia.

"Nilikata palepale ulichora, Dada," nikasema. "Labda macho yako iko nachoka."

Dada alimwomba yule mama radhi, akayabeba matusi yote peke yake. Tangu siku ile hakujiamini tena. Anapima, anapima upya, anachora, anafuta. Mwishowe akasema kwamba mama yake pia alipofuka taratibu, na yeye hataki kuharibu nguo za watu. Akauza cherehani yake, akahamia kwa kaka yake Gatsata. Baraza akaniachia mimi, pamoja na wateja wake.

Na mimi nikapokea! Nikasogeza cherehani yangu mbele penye mwanga, mahali nilipopatamani siku nyingi.

Mke wangu hakujua lolote. Siku ya Idi akakitoa kabatini kigauni cha zambarau nilichokuwa nimekificha, akamvalisha Nasra, akasema twende tukamsalimu shangazi Zaituni. Nilisema mtoto abadilishe nguo, lakini sababu sikuwa nayo.

Dada alifurahi kutuona. Akampakata Nasra, akaanza kumweka sawa ukosi, kama alivyozoea kwa kila anayemkaribia. Mkono ukasimama. Akalikunjua pindo, akakitazama kitambaa, akakisugua kwa vidole.

"Hii ya mama wa Kanombe," akasema polepole.

Nikainamisha kichwa.

"Basi macho yangu iko mazima?"

"Ndiyo, Dada. Ni mimi. Nilikata ndani ya chaki."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana!

"Mimi kila asubuhi nafungua macho, naangalia kwanza kama ukuta bado iko," akasema. "Na wewe ulijua. Uliniacha na ile woga?"

Akambusu Nasra, akamimina chai. Kikombe changu akaniwekea mbele yangu.

"Kunywa, fundi," akasema.

Fundi! Sikuwa tena mdogo wake. Nilimwambia arudi barazani, nitampa cherehani yangu, nitakaa nyuma. Akatikisa kichwa. Alisema hawezi tena kuchora huku mkasi uko mkononi mwangu.

Jamani, wewe unayebana kidogo cha mwenzio ukijidai hakijulikani, rudisha leo. Mimi nilidhani naiba kitambaa. Niliishia kumwibia mtu macho yake mwenyewe, na yule ndiye aliyenifundisha kushika sindano! Sina la kujitetea.

Yule mama wa Kanombe nimemfuata, nimemwambia ukweli, akanifungia mlango. Na kila mteja anayemuulizia Zaituni namjibu kwamba macho yake ni mazima, mwongo ni mimi. Wengine wanakunja kitambaa chao na kuondoka. Siwazuii.