Samaki wa Thureya na Maji ya Mikono Yangu

Enzi zetu, samaki alikuwa kitu cha kukaangwa. Sisi tuliolelewa Hindawiya, Jeddah, tulimjua kwa harufu yake sokoni, kwa ukwaju na pilipili aliyopakwa, na kwa miba ambayo mama zetu walitutolea kabla ya kututia tonge mkononi. Kwamba samaki anaweza kukaa sebuleni, akapewa jina na akaulizwa hali yake asubuhi, hilo nililiona kwa mara ya kwanza Riyadh, mwezi wa Februari 1977, nikiwa na umri wa miaka kumi na moja. Msishangae nikitaja tarehe. Nilichelewa kupewa kalamu, na tangu niipate sijaacha jambo langu likapita bila mwezi na mwaka.

Wazazi wangu walitoka Unguja mwaka 1964, nami nikazaliwa huku Hijazi. Baba alifanya kazi bandarini, mama alishona nguo za watu. Ilipofika miaka ile ya neema ya mafuta, kila aliyejua kuandika alipata kazi Riyadh, na Mjomba Seif, kaka wa mama, akawa karani katika kampuni ya ujenzi. Alipokuja kututembelea alikuwa na saa mpya na tumbo jipya. Alimwambia mama, "Nipe Asya akakae na Thureya wangu. Karatasi zake zikikamilika, shule zikifunguliwa ataingia naye." Jina langu lilikuwa halijatiwa katika ikama ya baba, kile kibali cha kukaa nchini, na mtoto asiye na karatasi hakupokelewa shuleni. Kwa hiyo nilikwenda Riyadh kungojea shule.

Nilichokipata kwanza ni wivu. Thureya, binti wa mjomba, alikuwa rika langu, na kila asubuhi alitoka na mkoba wa ngozi wa rangi ya kahawa, wenye vifungo viwili vya kung'aa. Alipoufungua jioni, sebule nzima ilinukia kalamu za risasi zilizochongwa. Aliandika huku analamba ncha ya kalamu, akilalamika kwamba mwalimu anawatesa. Mimi nilikuwa nimeshinda na mama yake, Bi Salma, tukimenya vitunguu thomu na kufuta vumbi, maana Riyadh ya siku zile ilikuwa ikijengwa yote kwa pamoja na vumbi halikuisha. Niliutazama mkoba ule mpaka nikaujua mshono mmoja mmoja. Ningeulizwa nichague kati yake na dhahabu za Bi Salma, nisingesita.

Samaki naye alikuwa wa Thureya. Mjomba alimnunua pamoja na tangi la kioo, akaliweka sebuleni chini ya dirisha ili kila mgeni alione. Alikuwa mwekundu wa kung'aa, mwenye mkia mpana kama mtandio, na akaitwa Sultani. Mjomba alicheka mwenyewe alipolitamka jina hilo. "Mmoja tumeshampoteza Unguja," alisema. "Huyu mwangalieni vizuri."

Aliyemwangalia ni mimi. Thureya alimtupia chakula akakimbilia gari la shule. Mimi nilibadilisha maji, nikayaacha kwanza kwenye sufuria uani mpaka yapoteze ile harufu ya dawa, kisha nikayamimina kwa bakuli, taratibu. Haikupita muda Sultani akanizoea. Nilipotia kidole majini alipanda juu na kukidonoa. Siku moja Thureya alirudi, akatia kidole chake, na samaki akashuka chini, akajificha nyuma ya jiwe.

"Umemfundisha nini samaki wangu?" aliniuliza.

"Nitamfundishaje?" nikamjibu. "Mwenye kusoma ni wewe."

Hakucheka. Nami, nasema kweli, nilifurahi kwa siku mbili nzima.

Joto lilipoanza, mwezi wa Mfunguo Saba mwaka 1397, yaani Aprili 1977, Mjomba alitia kiyoyozi katika dirisha lile lile. Kilinguruma kama lori, na baridi yake ilishuka moja kwa moja juu ya tangi. Baada ya siku chache Sultani alitoka vitone vyeupe mwilini, kama aliyenyunyiziwa chumvi. Akawa anajisugua kwenye changarawe, mapezi yamembana ubavuni, na chakula hakukigusa. Niliponawa mikono na kuyagusa maji yake, niliyaona baridi kama ya barafu.

"Mkaza mjomba," nilimwomba Bi Salma, "tukizime kidogo. Samaki anaona baridi."

"Hebu niondokee," alisema. "Tumehangaika miaka yote hii na joto la watu, leo tumepata upepo, niuzime kwa ajili ya kitoweo? Halas, basi."

Basi nikafanya nilivyoweza. Shuka langu nililikunja nikalizungushia kioo upande wa kiyoyozi. Nikatia chumvi kidogo majini, kwa kuwa mama alitutia chumvi kwenye kila kidonda, na kila nilipopata nafasi nilikaa pale, uso wangu umeshikana na kioo, nikimhesabia pumzi.

Kukaa huko ndiko kulikoniponza. Tulikuwa tumezunguka sinia ya wali mchana, Thureya akasema bila kunitazama, "Mama, tangu Asya ashinde akimtazama Sultani, ndiyo anaumwa."

Mkono wa Bi Salma ulisimama hewani na tonge lake. Nyote mliolelewa Hijazi mnajua kinachofuata neno kama hilo. Anayehofiwa kuwa na jicho hunawa uso na mikono hadi viwikoni, na maji yake humwagiwa aliyepatwa na husuda. Bi Salma aliinuka, akaleta beseni na birika, akaniambia kwa upole ambao ningependa ungekuwa ukali, "Njoo unawe, mwanangu. Hakuna anayekulaumu. Mtu huhusudu bila kukusudia."

Nilibaki nimekaa. Mtoto wa miaka kumi na moja hana elimu ya kuhukumu, lakini nililiona jambo lilivyo. Samaki akifa, ni mimi niliyemuua. Akipona kwa maji yangu, imethibiti kwamba hasidi ni mimi, na hakuna nyumba inayomweka hasidi akae na binti yao, seuze kumpeleka shule pamoja naye. Nilitaka kumwambia Bi Salma kwamba samaki sikumtamani hata kidogo. Jicho langu lilikuwa kwenye mkoba, na lingekuwa na sumu, mkoba ule ungeoza mabegani mwa mwenyewe.

Kisha nikageuka, nikamwona Sultani amelala ubavu juu ya maji. Nikasogea, nikanawa.

Maji yalimiminwa. Shuka likabaki kwenye kioo, chumvi ikabaki majini. Kilichomponya sikijui hadi leo, ila wiki haikuisha vitone vikapukutika na Sultani akaanza kula. Bi Salma alimsimulia kila jirani. Thureya alitia kidole, na samaki alipanda akakidonoa, maana njaa ilikuwa imemzidi.

Mjomba alinirudisha Jeddah kwa gari. Tulipokaribia Taif akaninunulia soda, akasema, "Wewe huna kosa, mwanangu. Lakini nyumba ni ya Salma." Nilikunywa soda yangu. Shule zilipofunguliwa nilikuwa Hindawiya, nikimtungia mama uzi kwenye sindano.

Herufi ya kwanza niliiandika Oktoba 1989, katika darasa la jioni la wanawake wazima, nikiwa na mimba ya mtoto wa tatu. Marehemu mume wangu alinisubiri nje ndani ya gari na watoto wawili wanaolia, na mtu akimuuliza anafanya nini pale, alijibu, "Namngojea msomi wangu." Cheti changu kimetundikwa ukutani, juu kuliko picha ya harusi. Yeye ndiye aliyekipigilia msumari.

Wajukuu wetu siku hizi wana matangi yenye taa na mashine za kupasha maji moto. Samaki akiumwa wanaiuliza simu, akifa wanaagiza mwingine na analetwa mlangoni kabla machozi hayajakauka, kama yalitoka. Wanawaonea wivu watu wasiowajua, wa miji wasiyoifika, na hakuna anayewaletea beseni.

Mwezi uliopita Thureya aliniletea picha kwa simu kutoka Riyadh, kisha akanipigia. Yeye naye ni bibi sasa. "Dada Asya," alisema kwa sauti iliyokwaruza, "samaki wa mjukuu wangu ana vitone vile vile. Nifanye nini?"

Nikamwambia habari ya chumvi na maji ya vuguvugu. Kisha nikamuuliza, "Na mimi ninawe, nikutumie?"

"Hapana," alisema. "Mara hii nitanawa mimi. Hata mara ile ilikuwa zamu yangu."

Nilimwambia tumeshazeeka, yaishe. Tulipoagana niliirudia ile picha, nikaikuza kwa vidole viwili. Samaki alikuwa mbele, mwekundu, anajisugua kwenye jiwe. Nyuma yake, sakafuni, mkoba wa shule ulikuwa umetupwa kifudifudi, mdomo wazi, madaftari yamemwagika na moja limekanyagwa. Nilimtazama samaki mara moja tu. Mkoba niliutazama mpaka simu ikazimika mkononi.